Hima: Hifadhi za Maumbile katika Fiqhi ya Kiislamu

Ndugu Muislamu, anayeishi Hedaru, wilayani Same, yuko jirani na hifadhi. Juu yake ni milima ya Upare ya Kusini na msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena, mita 2,462. Nyuma ya milima hiyo iko Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Je, kuwazuia watu kukata miti au kuchunga mahali fulani kuna asili katika Dini, au ni amri ya serikali tu?

Asili ipo, nayo inaitwa hima, yaani mahali palipozuiliwa. Zama za Ujahilia, mkubwa wa kabila alikuwa akimbwekesha mbwa wake, na sauti ilipofikia pakawa malisho yake peke yake. Uislamu ukabatilisha dhulma hiyo. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa As-Sa'b bin Jaththama (r.a.), Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa hima ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume Wake tu. Naye akaihifadhi An-Naqi' karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Jamhuri ya wanazuoni wakafahamu kuwa kiongozi anaruhusiwa kuweka hima kwa maslahi ya umma, si kwa faida yake mwenyewe.

Sayyidna Umar (r.a.) aliihifadhi Ar-Rabadha, akamweka Hunayy kuwa msimamizi. Alimuusia aiogope dua ya aliyedhulumiwa, na awaruhusu kuingia wenye mifugo michache. Ama mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan (r.a.) aizuie, kwani hao wakikosa malisho wana mitende na mashamba ya kurejea, maskini akikosa hana pa kwenda.

Hapa ndipo penye mizani. Wafugaji waliokuwa Mkomazi waliondolewa mwaka 1988, na kesi ya baadhi yao ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Kwa kipimo cha Umar, kulinda maumbile ni haki, lakini mzigo wake usiachwe juu ya mgongo wa mnyonge. Anayemuondoa mtu kwa maslahi ya wote, basi wote wana deni kwake.

Mfano wa pili uko pwani. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 kikawa ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika hapo, na kwa kukosa msala akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Hiyo ni simulizi, si dalili ya kisheria. Dalili ni ile iliyofundishwa kwa wavuvi huko mwishoni mwa miaka ya 1990: kwamba mwanadamu ni khalifa, si mmiliki, na kuwa Qur'ani (7:56) inakataza kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa. Mvuvi wa baruti huua samaki na mayai, akavunja na matumbawe wanamozalia. Anakula riziki ya mjukuu wake. Na akatae msitu wa mlimani hali yake ni hiyo hiyo, kwani maji yanayoteremkia tambarare ya Hedaru huhifadhiwa na miti ya juu.

Ama kuzuru hifadhi, asili yake ni halali, na kwa nia ya kuzingatia uumbaji wa Mwenyezi Mungu ni ibada. Mwenye kuzuru achunge adabu hizi: asichelewe Swala, avae stara, afuate maelekezo ya askari wa hifadhi, asiwashe moto, asitupe takataka, wala asimuudhi mnyama. Tena asitafute baraka kwenye mti au pango. Upareni ipo misitu ya mizimu iliyohifadhiwa na koo tangu zamani. Sisi tunakataa itikadi ile, lakini hatukati miti kwa hoja hiyo, kwani mti wenyewe hauna kosa.

Basi Maimamu wetu walifikishe jambo hili mimbarini: raia asivunje hima, na mwenye madaraka asimsahau Hunayy.

Wallahu a'lam.