Beti na Kiasi: Zana za Wapiga Bunduki wa Kujitolea

Maneno mawili ya kamusi za zamani za Kiswahili, beti na kiasi, hayaelezeki barabara mpaka zitazamwe zana zenyewe. Beti, neno lenye asili ya Kihindi, ni mfuko wa ngozi wa kutilia risasi na fataki. Kiasi, neno la Kiarabu lenye maana ya kipimo, lilikuwa pia jina la baruti na risasi za mshindo mmoja. Zana za namna hiyo zilichukuliwa na raia waliojitolea katika vikosi vya makoloni ya Waingereza, kama kile cha Singapore kilichoundwa mwaka 1854.

Vikosi vingi vya aina hiyo viliiga wapiga shabaha wa jeshi la Uingereza wa mwanzo wa karne ya 19, waliovaa kijani cheusi na mikanda ya ngozi nyeusi. Askari hao walipigana wakiwa wametawanyika. Kwa hiyo ofisa alichukua filimbi yenye mkufu katika mkanda wa kifuani. Bunduki yao ilikuwa fupi, basi singe yake ikafanywa ndefu, ikaitwa upanga.

Lililo kubwa ni mifuko. Kwa bunduki ya Enfield ya mwaka 1853, baruti iliyokwisha pimwa ilifungwa karatasini pamoja na risasi. Askari aliirarua karatasi, akamimina baruti mtutuni, akashindilia risasi, kisha akatia fataki. Ndipo akahitaji mifuko miwili: mkubwa wa viasi, na mdogo wa fataki. Mwaka 1866 ilipokuja bunduki ya Snider, yenye kujazwa kwa nyuma, fataki ilitiwa kitakoni mwa kiasi chenyewe, na ule mfuko mdogo ukakosa kazi.

Kwa hiyo kuita kitu hicho kiasi hakukuwa kubahatisha: karatasi ile ilikuwa kipimo hasa. Baadaye risasi, ambayo kwa asili ya Kiarabu ni jina la madini tu, ilishika maana ya kitu kizima, na kiasi kikabaki na maana yake ya kwanza. Basi msomaji wa habari za karne ya 19 akikuta kwamba mtu alipewa "kiasi cha bunduki," asidhani mara moja kuwa ni idadi ya bunduki. Huenda alipewa mshindo mmoja tu.