Je, Wajua? Tone la damu kisiginoni

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuzaliwa mzima, akanyonya na kunenepa vizuri, kumbe maziwa hayo hayo yanamharibu ubongo? Ndiyo fenilketonuria, au PKU, ugonjwa wa kurithi. Mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, asidi amino iliyomo kwenye protini, ikarundikana katika damu.

Wajua uligunduliwaje? Mwaka 1934 huko Norwei, mama wa watoto wawili wenye ulemavu wa akili alikataa jibu la "hatujui". Alimpelekea daktari Asbjørn Følling mikojo yao. Følling akadondoshea kloridi ya chuma, na mkojo ukageuka kijani. Kipimo rahisi kweli, ila kwa mtoto mchanga kilichelewa kutoa jibu, na ubongo haungoji.

Wajua nani alisaidia kuwahi? Bakteria! Robert Guthrie wa Buffalo, Marekani, aliwapanda kwenye sahani yenye kemikali ya kuwazuia wasikue. Juu yake aliweka vipande vidogo vya karatasi chujio vilivyokaukiwa na damu ya kisigino. Penye fenilalanini nyingi kizuizi hushindwa nguvu, bakteria wakaota duara jeupe kuzunguka karatasi. Kadiri duara lilivyo pana ndivyo fenilalanini ilivyo nyingi. Macho tu yanatosha kulisoma, na sahani moja hupima watoto wengi. Jimbo la Massachusetts liliamuru kipimo hicho kwa sheria mwaka 1963.

Bei je? Guthrie alitengeneza seti ya vipimo 500 kwa takriban dola 6. Kampuni iliyotaka kuiuza ikataja dola 262! Aliwaka, na haki.

Wajua kwamba karatasi ile ile ya damu kavu, inayosafiri ndani ya bahasha bila barafu, ndiyo inayotumika Tanzania na Kenya kupima VVU kwa vichanga?

Siku hizi mashine ziitwazo spektrometa za masi husoma asidi amino nyingi kutoka doa moja kwa dakika chache. Mashine hizo ni ghali mno. Nafuu huja sampuli zikiwa nyingi.

Na lile onyo dogo kuhusu fenilalanini kwenye kopo la soda isiyo na sukari? Limeandikwa kwa ajili ya wenye PKU, kwa kuwa kiongeza utamu cha aspatami kina fenilalanini ndani yake.