Lord Street ya Southport Katika Postikadi za Zamani

Lord Street ni barabara kuu ya maduka ya Southport, mji wa pwani nchini Uingereza uliokuwa sehemu ya Lancashire hadi 1974 na sasa uko Merseyside. Upande mmoja ina bustani, upande wa pili maduka yenye mapaa marefu ya vioo na chuma yanayowakinga wapita njia na mvua. Wapiga picha wa enzi ya Mfalme Edward VII (1901–1910) waliipenda sana.

Postikadi zenyewe zilikuwa sehemu ya maisha ya mtaa huo. Tangu 1902 Posta iliruhusu ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja, na upande wa pili ukabaki mzima kwa picha. Stempu yake ilikuwa nusu peni, nusu ya bei ya barua, na barua ziligawiwa mara kadhaa kwa siku; basi mgeni aliweza kuwaarifu wenyeji wake asubuhi kwamba angefika jioni.

Picha hizo husema mengi kupitia mavazi. Ni nadra kumwona mtu kichwa wazi. Mfanyakazi alivaa kepu, karani kofia ngumu ya duara, na mtalii wa kiangazi kofia ya majani makavu. Wanawake walivaa sketi zilizokaribia kufagia ardhi. Madukani mteja wa heshima aliwekewa kiti mbele ya kaunta akaletewa bidhaa. Deni liliandikwa daftarini, na mzigo ulipelekwa nyumbani na kijana mwenye kikapu au baiskeli. Mapazia ya turubai yaliteremshwa mbele ya madirisha ili jua lisipaushe vitambaa.

Jambo zito halionekani pichani: wauzaji wengi wa maduka ya nguo Uingereza waliishi kwa mwajiri, mara nyingi ghorofa za juu, chakula na malazi vikihesabiwa kuwa sehemu ya mshahara. Walisimama kutwa hadi usiku. Sheria ya Maduka ya 1911 ndiyo iliyowapatia nusu siku ya mapumziko kila juma.

Rangi nazo zisiaminiwe upesi. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi ziliongezwa viwandani, mara nyingi Ujerumani, na watu ambao hawakuwahi kuuona mtaa. Muhuri wa posta pia si tarehe ya picha, kwa kuwa picha moja iliuzwa miaka mingi. Vita vya 1914 vilikata biashara hiyo na Ujerumani, na mwaka 1918 stempu ya postikadi ikapanda hadi peni moja.