Imani Mbili Katika Shamba Moja

Mtu aweza kushika imani mbili, na kila moja ikaonekana njema, kumbe moja yaikana nyingine. Mfano ni mahindi.

Mwaka 1964 kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale kilitoa mbegu chotara iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ekwado. Mkulima apandaye chotara husadiki kwamba nguvu yake yatokana na kuoanishwa kwa wazazi wasiofanana. Asema kweli. Lakini baada ya mavuno mkulima huyo huyo huchagua mahindi makubwa akayaweka mbegu, akisadiki kwamba mwaka ujao atavuna vile vile.

Je, maneno hayo yapatana? Ikiwa nguvu ni ya kule kuoanishwa, punje zilizozaliwa na chotara kwa chotara zitaipata wapi yote? Shamba lenyewe hujibu: mirefu na mifupi huchanganyika, na magunia hupungua.

Atakaye kuweka mbegu yake na achague isiyo chotara, kama Katumani ifaayo nchi za mvua haba. Atakaye chotara na anunue kila mwaka. Njia mbili zilimshinda fisi.