Ekseli, Gia na Difu: Msamiati wa Lori la Kazi Nzito

Msamiati wa malori katika Kiswahili umekuzwa zaidi gereji na barabarani kuliko darasani. Maneno yake mengi yametoholewa kutoka Kiingereza na yamekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, baadhi hutumiwa kwa maana zinazogongana, na katika kazi ya mizigo mizito mgongano huo unaweza kuleta hasara au ajali.

Ekseli (ngeli ya I-ZI: *ekseli hii, ekseli hizi*)
Ni chuma kinachokingama chini ya gari na kubeba magurudumu ya pande mbili. Neno *mhimili* hutumiwa pia, lakini limeelemea zaidi maana nyingine, kama vile *mhimili wa dunia* na *mihimili ya dola*. Panapotajwa mizani, *ekseli* ndilo neno lisilo na utata.

Ekseli isichanganywe na gari zima. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 18 kwa jozi ya ekseli zenye tairi nne kila moja. Kwa hiyo lori la ekseli tatu huruhusiwa jumla ya tani 26. Lori hilo likibeba tani 6 mbele na 20 nyuma, jumla ni ileile 26, lakini jozi ya nyuma imezidi. Anayesema “uzito haujazidi” hana budi kubainisha: wa gari au wa ekseli?

Gurudumu na tairi
Alama 6x4, isomwayo *sita kwa nne*, huhesabu magurudumu, si tairi: magurudumu sita, manne kati yake yakisukumwa na injini. Tairi pacha huhesabiwa kuwa gurudumu moja. Ndiyo maana lori la 6x4 huwa na tairi kumi kwa kawaida.

Gia
Neno hili lina maana mbili: gurudumu la meno, na hatua ya mwendo anayoichagua dereva. Utata hujitokeza katika kirai *gia kubwa*. Anayefuata namba huelewa gia ya tano au ya sita. Anayefuata nguvu huelewa gia ya kwanza au ya pili. Dereva anayeteremka mlima Kitonga, mkoani Iringa, akiambiwa “tumia gia kubwa” na akafuata namba, injini haitamsaidia kuzuia gari. Breki zitabeba kazi yote, zitapata moto na kupoteza nguvu. Ni salama zaidi kusema *gia nzito*, au kutaja namba yenyewe: *teremka kwa gia ya pili*.

Difu
Ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kifaa kinachogawa mzunguko kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, ili lile la nje lizunguke zaidi kwenye kona. Baadhi ya wasemaji huita ekseli nzima ya nyuma *difu*. Matumizi hayo yanaeleweka, lakini mnunuzi wa vipuri ataje anachokihitaji hasa.

Ndani ya difu umo *uwiano wa gia*. Ikiwa gia iliyo mwisho wa propela ina meno 10 na ile inayoizungusha ina meno 40, uwiano ni 4: propela huzunguka mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano ukiwa mkubwa, nguvu ya kuvuta huongezeka na mwendo hupungua. Lori la machimboni hufaa uwiano mkubwa. La safari ndefu za lami tambarare hufaa mdogo, ili injini izunguke polepole na kuokoa mafuta.

*Kufunga difu* ni kuyalazimisha magurudumu ya pande zote mbili yazunguke sawa, ili moja likiteleza matopeni jingine livute. Kinyume chake ni *kufungua difu*, na hufanywa kabla ya kurudi kwenye lami. Vitenzi hivi visichanganywe na *kufungua* kwa maana ya fundi ya kubomoa kifaa.

Mifano ya matumizi
- *Ekseli ya mbele imo ndani ya kiwango, lakini za nyuma zimezidi.*
- *Funga difu kabla ya kuingia matopeni, uifungue ufikapo lami.*
- *Lori hili lina uwiano mdogo. Halifai kuvuta tela milimani.*