Kipaji tayari, karatasi bado
Vijana hodari wa mpira wa kikapu wanavyokwamia kwenye vyeti kabla ya kuingia uwanjani Marekani

APRILI 2015, katika ukumbi wa United Center jijini Chicago, kijana wa Mali, Cheick Diallo, alichaguliwa mchezaji bora wa mechi ya McDonald's All American, inayokutanisha wanafunzi wa sekondari wanaotamba zaidi katika mpira wa kikapu nchini Marekani. Vyuo vikubwa vilimgombania. Yeye akachagua Chuo Kikuu cha Kansas.

Novemba ilipofika na msimu kuanza, Diallo alikuwa mtazamaji. Hakuwa ameumia, wala hakuwa amegombana na kocha wake, Bill Self. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilikuwa bado kinachunguza masomo aliyosoma katika shule yake ya sekondari jimboni New York. Swali lilikuwa moja: je, masomo yale yanahesabika?

Mfanyabiashara wa Namanga, Busia au Rusumo hahitaji kuelezwa zaidi. Mzigo ni mzuri, mnunuzi anasubiri ng'ambo, lakini cheti cha uasili kina walakini, basi lori linalala mpakani na gharama zinapanda. Tofauti ni kwamba hapa kilicholala ni miaka ya ujana wa mtu.

Diallo alikosa mechi tano za mwanzo. Aliruhusiwa mwishoni mwa Novemba, akacheza kwa mara ya kwanza Desemba 1. Hakupata tena nafasi ya kutulia katika kikosi, na alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi tatu kwa mechi. Mwaka 2016 aliingia NBA akiwa chaguo la 33. Mmali mwenzake kutoka shule hiyohiyo, Kassoum Yakwe, naye alisubiri hadi Desemba kabla ya kuichezea St. John's.

Masomo 16, miaka minne

Anayetaka kucheza katika daraja la kwanza la michezo ya vyuo lazima awe amemaliza masomo makuu 16 ya sekondari. Kiingereza kinahesabiwa kwa miaka minne, hisabati mitatu, sayansi miwili na masomo ya jamii miwili. Mwaka mmoja zaidi unatoka katika Kiingereza, hisabati au sayansi, na minne inayobaki inaweza kutoka katika masomo hayo au mengine yanayokubalika, kama lugha za kigeni.

Wastani wa alama usipungue 2.3 katika kipimo ambacho mwisho wake ni 4.0. Mwenye wastani kati ya 2.0 na 2.3 anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi, lakini mwaka wa kwanza hachezi mechi.

Kinachowanasa wengi zaidi ya alama ni muda. Saa huanza kuhesabu mwanafunzi anapoingia mwaka wa tisa wa shule, au darasa linalolingana nao katika nchi yake, na masomo hayo yanatakiwa yaishe ndani ya miaka minne. Kumi kati ya masomo 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza. Anayeamka akiwa mwaka wa mwisho, baada ya kocha kumwona, huenda akasoma usiku na mchana na bado asitimize hesabu.

Habari njema ni kwamba tangu Januari 2023 NCAA imeacha kudai alama za mtihani wa SAT au ACT. Hata hivyo chuo chenyewe kinaweza kuudai kwa ajili ya udahili, na wanafunzi wa kigeni mara nyingi hutakiwa kuonyesha kwamba wanakimudu Kiingereza.

Sheria ilikotoka

Sheria hizi hazikuzuka tu. Kevin Ross alichezea Chuo Kikuu cha Creighton miaka minne, kuanzia 1978 hadi 1982. Alipoondoka ilibainika kwamba kusoma kwake ni kwa mtoto wa madarasa ya chini. Mtu mzima mwenye urefu wa kuchezea kikapu akaenda Chicago kukaa darasani na watoto katika shule ya Westside Preparatory ya mwalimu Marva Collins, ili ajifunze kusoma. Baadaye alikishtaki chuo hicho mahakamani. Chuo kilikuwa kimetumia mikono yake na kuisahau akili yake.

Mwaka 1983 vyuo vilipitisha kanuni iliyojulikana kama Proposition 48, ikaanza kutumika 1986. Ilidai wastani wa 2.0 katika masomo makuu 11 pamoja na alama 700 za SAT au 15 za ACT. Aliyepungukiwa alikaa nje mwaka mzima.

Kanuni ilikuwa na nia njema, lakini iliwaangukia zaidi vijana weusi kutoka shule maskini, ambazo nyingine hazikuwa hata na walimu wa masomo yaliyodaiwa. Januari 1989 ilipopitishwa nyongeza ya kuwanyima vijana hao hata ufadhili wa masomo, kocha wa Georgetown, John Thompson, alitoka uwanjani kabla ya mechi dhidi ya Boston College kuanza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto wa maskini alikuwa anafungiwa mlango wa shule kwa kisingizio cha kuiheshimu shule. Mwaka uliofuata nyongeza hiyo ilirekebishwa.

Waliochelewa wakafika

Kukwama si kufa. Rumeal Robinson, mzaliwa wa Jamaica, alikaa nje mwaka wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Michigan kwa sababu ya kanuni ya 1986. Mwenzake Terry Mills alikaa nje pia. Aprili 1989, katika fainali ya taifa dhidi ya Seton Hall, muda wa nyongeza ukiwa umebaki sekunde tatu, Robinson alisimama kwenye mstari wa mipira huru. Akaweka wa kwanza, akaweka wa pili. Michigan ikatwaa ubingwa kwa 80-79.

Larry Johnson alipita njia nyingine. Chuo alichokitaka mwanzoni kilitilia shaka alama zake za mtihani, naye akaenda Odessa College, chuo cha miaka miwili jimboni Texas. Kutoka hapo alihamia UNLV, akachukua ubingwa 1990, na 1991 akawa chaguo la kwanza kabisa la NBA. Mpaka leo vyuo vya miaka miwili ndivyo mlango wa pili kwa asiyetimiza masharti, ili mradi ahitimu na alama zake zihamishike.

Lakini mifano hii isimlevye mzazi. Kwa kila Johnson wako wengi waliorudi nyumbani bila shahada na bila mkataba.

Njia ya kutoka kwetu

Ukanda huu una watu waliovuka. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, alimaliza sekondari Houston, Texas, akacheza miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, na 2009 akawa chaguo la pili la NBA na Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo.

Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipitia NBA Academy Africa mjini Saly, Senegal, ambako vijana hufundishwa kikapu na darasa kwa pamoja. Alisoma na kucheza Duke msimu mmoja, na 2025 akawa chaguo la kumi. Hata hivyo, hata yeye karatasi zilimfuata. Aprili 5, 2025, siku Duke ilipocheza nusu fainali, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasi za Sudan Kusini, kwa ugomvi wa kiserikali usiohusu kikapu wala masomo.

Kwa kijana wa huku, NCAA hupima cheti cha taifa alilosomea pamoja na matokeo ya miaka yake ya sekondari. Karatasi isiyo ya Kiingereza hutakiwa pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Mtoto aliyeanza shule Burundi kwa Kifaransa, akahamia Uganda, kisha Kenya, ana shule tatu za kufuatilia. Jina likiandikwa tofauti au tarehe ya kuzaliwa ikigongana kati ya cheti na pasi, maswali huanza.

Mtego mwingine huja kwa sura ya msaada. Mtu anaahidi kumpeleka kijana shule ya ng'ambo na kumrudisha madarasa mawili nyuma ili aonekane mkubwa kuliko wenzake. Uwanjani inapendeza. Katika hesabu za NCAA, miaka aliyokwisha soma nyumbani haifutiki, na miaka minne inaweza kuisha kabla hajamaliza shule hiyo mpya. Kuna pia shule ambazo ni uwanja na bweni tu. Mwaka 2006, baada ya magazeti ya Marekani kufichua shule zilizokuwa zikigawa alama kwa wachezaji, NCAA ilianza kuzichunguza na kukataa vyeti vya baadhi yake. Walioumia zaidi ni wanafunzi walioamini kwamba wamesoma.

Ya kuuliza kabla ya kuuza ng'ombe

Mzazi anayeletewa ahadi ana haki ya kuuliza kama angeuliza bei ya shehena. Je, shule hiyo na masomo yake yamo katika orodha inayokubaliwa na NCAA? Orodha hiyo iko wazi kwenye mtandao, na kuitazama ni bure. Mtoto ataingizwa darasa gani, na miaka yake minne inaanza kuhesabiwa lini? Akiumia goti, ufadhili unaendelea au nauli ya kurudi ni juu ya nani?

Kisha kuna kazi ya nyumbani: kutunza matokeo ya kila muhula tangu siku ya kwanza ya sekondari, kupata nakala zilizogongwa muhuri kabla ya kuhama shule, na kuhakikisha jina ni moja kwenye kila karatasi.

Kocha anaweza kukiona kipaji kwa dakika kumi. Cheti huchukua miaka minne kutengenezwa, na hakuna kocha anayeweza kukitengeneza upya mtoto akishafika mlangoni.