Klachi Isiyolingana, Deni la Nani?



Katika shamba moja la miwa, fundi alipewa pleti ya klachi na beringi za magari mawili tofauti, akaambiwa, "Funga tu." Lori likakataa kuingia gia. Fundi akakatwa mshahara.

Kabla ya kufunga, laza pleti mpya juu ya kuukuu: upana uwe mmoja. Iteleze kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi. Meno yakikwama au yakicheza mno, irudishe. Pima beringi pia. Ikiwa fupi mno, klachi haiachii; ikiwa ndefu mno, klachi inateleza na kuungua.

Zisipolingana, mwandikie msimamizi, nakala mpe mwakilishi wa chama. Akilazimisha, adai nani? Fundi hakununua. Tusifunge kwa amri ya mdomo.